“Ana kifua”: ni sifa au ni ugonjwa?

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Masaka, Uganda. Kiswahili nilikipata nikiwa kazini Nairobi, na sasa nimeolewa Tanga. Wiki chache baada ya harusi nilimsikia mama mkwe akimwambia jirani yake, “Huyu mkamwana wangu ana kifua.” Nilinyong’onyea, kwa maana kwetu mtu akitajwa hivyo anadhaniwa mgonjwa, na wengine mawazo yao huenda moja kwa moja kwenye kifua kikuu. Mume wangu alicheka, akaniambia kwamba nimesifiwa. Naomba kueleweshwa: neno hili lina maana ngapi? Ni neno moja, au ni maneno kadhaa yaliyofanana kwa bahati? Na ipi ndiyo maana ya Kiswahili sanifu?

Jibu: Dada yangu, mume wako hakukudanganya. Mama mkwe alikuwa akimwambia jirani kwamba wewe ni mtu wa kuaminika kwa siri. Likikufikia la ndani ya nyumba, linaishia kwako. Kwa watu wa mwambao na visiwani, na kwa wasemaji wengi wa bara pia, kuwa na kifua ni kuweza kuhifadhi siri na kustahimili mambo mazito bila kuyatangaza. Kwa mkamwana mgeni, ambaye ndiyo kwanza anaingia katika nyumba yenye mambo yake, sifa hii ina uzito kuliko kusifiwa upishi. Hata hivyo, kunyong’onyea kwako kulikuwa na sababu, kwani mama mkwe huyohuyo, asubuhi ileile, angeweza kusema “mtoto ana kifua” akimaanisha kwamba mtoto anakohoa na kupumua kwa shida, na asibadilishe hata silabi moja. Matumizi yote mawili ni sanifu, na yote mawili ni ya neno lilelile.

Kinachokanganya hapa si neno kifua peke yake, bali muundo wa sentensi. Kila mtu ana kifua; kwa hiyo msemaji anaposema kwamba fulani “ana kifua” hawezi kuwa anatoa habari za maumbile, kwa sababu habari hiyo haina mpya. Msikilizaji hulazimika kutafuta maana ya ziada, na Kiswahili kimezoea kumpa njia mbili. Njia ya kwanza ni ugonjwa: tunasema fulani ana mgongo, ana tumbo, ana miguu, na kila mtu anaelewa kwamba kiungo hicho kinamsumbua. Njia ya pili ni tabia au uwezo: ana mdomo, yaani ni msemaji kupita kiasi au ni mjibizanaji, ana mkono mrefu, yaani vitu vya watu havikai salama mbele yake, ana moyo, yaani ana ari au huruma. Viungo vingi vimefuata njia moja tu kati ya hizo. Hakuna anayesikia “ana mgongo” akadhani kwamba mtu anasifiwa, wala hakuna anayesikia “ana mdomo” akakimbilia dawa ya meno. Kifua ni miongoni mwa viungo vichache vilivyoshika njia zote mbili kwa nguvu sawa, na hapo ndipo uliponaswa.

Wasemaji wenyewe hawanaswi mara kwa mara, kwa sababu sentensi inayoendelea huondoa utata, na wewe pia unaweza kujizoeza kuisikiliza inavyokwenda. Ugonjwa una siku yake ya kuanza, ilhali tabia haina. Ukisikia “ana kifua tangu juzi”, “ana kifua, hakulala usiku”, au “ana kifua kibaya”, hilo ni la hospitali. Ukisikia “ana kifua, mwambie tu”, hilo ni la siri. Ukanushi nao hukata shauri mara moja: “hana kifua” haisemwi juu ya mtu aliyepona kikohozi, husemwa juu ya mtu asiyeweza kukaa na neno, yule ambaye ukimweleza jambo saa mbili, saa nne linakurudia kwa mlango wa nyuma likiwa limenenepa. Aliyepona tutasema kwamba kifua kimemwachia, au kimetulia. Tazama pia kitenzi. Kifua cha ugonjwa kinapenda kuwa mtendaji: kinambana, kimemshika, kinamsumbua, kinakoroma. Kifua cha siri hakimfanyi mwenyewe chochote. Yeye ndiye mwenye nacho.

Mama mkwe alisema maneno mawili tu baada ya kukutaja, bila tarehe, bila kitenzi cha maumivu, na mbele ya jirani. Ungekuwa mgonjwa, angesema “mkamwana wangu anaumwa kifua” au “kifua kinamsumbua”, na yumkini angemwuliza jirani kama ana asali na tangawizi.

Nikae kidogo kwenye maana ya ugonjwa, kwa kuwa ndiyo iliyokutisha, na kwa kuwa ndiyo inayoweza kuleta madhara ikitumiwa ovyo. Kiswahili cha kila siku hulitumia neno kifua kama kapu la maradhi mengi yasiyofanana. Mama akifika zahanati akasema “mtoto ana kifua”, mhudumu mzoefu hataandika neno hilo akaishia hapo. Atauliza kama kinabana au kinachoma, kama kinakoroma mtoto anapolala, kama anatoa makohozi na ni ya rangi gani, kama mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi. Majibu ya maswali hayo yanagawa kapu. Kifua kinachobana na kupiga mluzi, hasa usiku au penye vumbi, huelekea kwenye pumu. Maumivu makali ya upande mmoja, yanayozidi mtu akivuta pumzi ndefu, wazee huyaita kichomi, jina ambalo mara nyingi hutajwa pia pale ambapo daktari angesema nimonia. Kifua kinachowaka baada ya kula, huku ladha ya uchachu ikipanda kooni, ni kiungulia, na hapo tatizo ni la tumbo ingawa mkono wa mgonjwa uko kifuani. Maumivu mazito katikati ya kifua yanayosambaa hadi begani, mkononi au kwenye taya yanaweza kuwa ya moyo, na hayo hayasubiri tangawizi. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Kwa hiyo anayesema “nina kifua” amesema kweli, lakini amemwachia daktari kazi yote.

Kifua kikuu ni jambo jingine, na sarufi yake inastahili kutazamwa. Ukisema kifua kikubwa, unazungumzia ukubwa wa mwili. Ukisema kifua kikuu, umetaja ugonjwa mmoja tu, ule ambao watu wengi mjini huuita tibii. Tofauti iko kati ya ‑kubwa na ‑kuu, na ni tofauti ileile inayotenganisha mji mkubwa na mji mkuu: ‑kuu haipimi ukubwa, inataja cheo. Ugonjwa huo ulipewa cheo kwa sababu ndio uliokuwa ukitisha kuliko magonjwa yote ya sehemu hiyo. Bakteria anayeusababisha alitangazwa na Robert Koch huko Berlin tarehe 24 Machi 1882, na ndiyo maana siku hiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Tanzania ina Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, na hospitali maalumu ya Kibong’oto, mkoani Kilimanjaro, imejulikana kwa miaka mingi kwa wagonjwa wa aina hiyo.

Jina hilo lina kasoro moja ambayo mimi, kama mtu wa kamusi, siwezi kuirekebisha lakini naweza kuitaja. Linawafanya watu waamini kwamba ugonjwa huu hukaa kifuani tu. Ni kweli kwamba mara nyingi hushika mapafu, na kwamba huambukizwa kwa njia ya hewa kutoka kwa mtu mwenye ugonjwa wa mapafu au wa koo. Lakini unaweza pia kushika tezi za shingo, uti wa mgongo, figo, hata utando unaofunika ubongo. Hapo ndipo tunapopata misemo inayochekesha masikioni, kama “kifua kikuu cha mifupa” au “kifua kikuu cha uti wa mgongo”, ambayo ni sahihi kitabibu ingawa inasikika kama mtu anayezungumzia goti la sikio. Mgonjwa aliyevimba tezi shingoni bila kukohoa hata mara moja huona ajabu akiambiwa kwamba ana kifua kikuu, na wengine hukataa dawa kwa sababu hiyo tu. Tiba ya kawaida huchukua miezi sita na ugonjwa unapona. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, jasho la usiku na kupungua uzito ndizo dalili zinazomtaka mtu akapimwe.

Sasa nirudi kwako, kwa sababu nadhani najua kwa nini masikio yako yalielekea huko. Luganda, lugha yako, ina neno ekifuba. Ni kifua cha mwili, na papo hapo ndilo neno la kikohozi. Na kifua kikuu kwenu ni akafuba, neno la shina lilelile lililovishwa kiambishi cha udogo. Inafurahisha kwamba ugonjwa uleule Waswahili waliupandisha cheo wakauita mkuu, na Waganda wakauita kwa umbo la kitu kidogo. Na ukiuliza ni upande gani uliouogopa zaidi, sitashangaa ukiniambia kwamba ni upande uliouita mdogo, kwa maana watu huwa na tabia ya kulitaja kwa sauti ya chini lile linalowatisha. Mama mkwe alipotamka “kifua”, sikio lako lilisikia ekifuba, na akili ikafuata njia iliyozoea.

Hilo linajibu swali lako la pili, na jibu lake ni thabiti: hili ni neno moja, na ni la Kibantu tangu asili. Sikiliza jinsi Kiswahili kinavyoibadili b ya lugha ndugu kuwa w: Luganda husema abantu babiri, Kiswahili husema watu wawili. Kwa kanuni hiyohiyo kifuba kinakuwa kifuwa, na w hiyo, ikiwa imebanwa baina ya u na a, haisikiki tena kama sauti ya pekee, nasi tunaandika kifua. Wachewa wa Malawi na Zambia wanaiandika hadi leo: chifuwa kwao ni kifua na pia ni kikohozi, na kifua kikuu wanakiita chifuwa chachikulu, neno kwa neno kama sisi. Wazulu wa Afrika Kusini wana isifuba, ambalo ni kifua cha mwili, na tena hutumika kwa jambo la siri. Kwa hiyo maana iliyokushangaza Tanga inasikika pia maelfu ya kilomita kusini, katika lugha ambayo haikupata kupakana na Kiswahili, na hilo linatosha kuwanyamazisha wanaodai kwamba “kuwa na kifua” ni uswahili wa vibarazani.

Yapo maneno yanayofanana nalo kwa bahati, na haya uyaweke kando. Kifuo ni kijiti kilichochongoka, kilichosimikwa ardhini, kinachotumika kuondoa makumbi ya nazi. Hicho kinatokana na kitenzi kufua, kwa kuwa nazi hufuliwa. Kifua hakitokani na kufua nguo, wala kufua chuma, wala kufua nazi, japokuwa nimesikia maelezo ya namna hiyo yakitolewa kwa kujiamini sana. Wanaisimu wana istilahi mbili hapa: maneno yanayofanana umbo bila udugu wa maana, kama kaa wa baharini na kaa la moto, huitwa homonimu, neno moja lililotanda na kuwa na maana kadhaa zinazohusiana huwa na polisemia. Kifua ni polisemia tupu. Ndiyo sababu pia siwezi kukupa idadi moja ya maana zake, kwa kuwa idadi hutegemea mtunga kamusi anakata vipande vikubwa au vidogo. Lililo la hakika ni kwamba vipande vyote vinatoka kwenye wazo moja: kifua ni mahali palipofunikwa na mbavu, ambapo kitu kinaweza kukaa ndani kisionekane, iwe ni pumzi, ugonjwa, elimu au siri, na ambapo uso wake wa nje ndio unaotangulia mtu anapoelekea mbele.

Sehemu hiyo ya ndani ndiyo iliyoheshimiwa sana katika lugha ya dini. Katika tafsiri za Kiswahili za Qur’ani, Mwenyezi Mungu hutajwa mara nyingi kuwa ni Mjuzi wa yaliyomo vifuani, na Nabii Musa anaomba akunjuliwe kifua chake kabla ya kwenda kwa Firauni. Kukunjuliwa kifua hapo si kupona pumu. Ni kupewa wasaa wa ndani, utulivu na ustahimilivu wa kubeba jambo zito. Hadi leo wasemaji wa mwambao husema kwamba fulani ana kifua kikunjufu, na mtu aliyehifadhi Qur’ani husemwa kwamba anayo kifuani. Upande wa Wakristo, Biblia ya Kiswahili inamtaja Lazaro maskini aliyechukuliwa na malaika mpaka kifuani kwa Ibrahimu, na mwanafunzi aliyeegemea kifuani pa Yesu wakati wa karamu. Huko kifua ni mahali pa hifadhi na ukaribu. Nadhani maana ya siri imelelewa na mazoea haya yote, kwa kuwa anayekubaliwa kuegemea kifuani ndiye anayeambiwa yasiyosemwa hadharani.

Labda utauliza kwa nini isiwe moyo, wakati moyo nao uko humohumo ndani. Kiswahili kimewagawia kazi. Moyo unapenda, unachukia, unasononeka, unakata tamaa; kifua kinahifadhi. Ukiniambia “jambo hili liweke moyoni”, nitaelewa kwamba nilikumbuke na kulithamini. Na ukisema kwamba fulani “ameliweka moyoni”, pengine unamaanisha kwamba bado ana kinyongo. Ukiniambia “liweke kifuani”, umenifunga mdomo. Mtu anaweza kuwa na moyo mzuri kabisa asiwe na kifua. Hao tunao wengi, wanatupenda kwa dhati, na hatuwaambii kitu.

Ukitoka ndani ukaja upande wa nje, utakuta misemo ambayo huenda ikakuvuruga zaidi kuliko ule wa mama mkwe, na mkubwa wake ni kupiga kifua. Mtu anayejipiga kifua mbele ya watu kwa kawaida anajigamba: “mimi ndiye niliyeijenga timu hii,” na kiganja kinalia juu ya mbavu. Lakini katika Misa ya Wakatoliki waumini hujipiga kifua wanaposema “nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana”, na katika Injili ya Luka mtoza ushuru anasimama mbali, hathubutu kuinua macho, anajipigapiga kifua akiomba rehema. Kitendo ni kilekile, kiganja kilekile, na maana zimepeana mgongo kabisa: mmoja anadai sifa, mwingine anakiri kosa. Siri ya jambo hili ni kwamba katika hali zote mbili mtu anajionyesha mwenyewe kuwa ndiye mhusika. Kinachotofautiana ni lile alilolifanya. Ipo na ya tatu, ya vijana wa mazoezi, ambao husema “leo tunapiga kifua” wakimaanisha kwamba siku hiyo ni ya pushapu na vyuma vya kukuza misuli ya sehemu hiyo. Hiyo bado ni ya mtaani, lakini haina kosa la kisarufi na imekwisha kukita mizizi.

Msemo wa kifua mbele una historia nyepesi zaidi. Asiye na la kuonea haya hutembea kifua mbele, wala hainamishi mabega. Watangazaji wa mpira wameukuza wakaupa maana yao: timu iliyo kifua mbele kwa bao moja ni timu inayoongoza, na inayorudi nyumbani kifua mbele imeshinda ugenini. Magazeti nayo yanapenda kumkingia mtu kifua, yaani kumtetea anaposhambuliwa, hasa kiongozi anapomtetea aliye chini yake. Katika msemo huu kifua ni ngao: anayekukingia kifua amekubali kwamba mshale uliokuwa wako umpate yeye. Usichanganye kumkingia mtu kifua na kumwekea siri kifuani, kwa sababu la kwanza hufanyika hadharani na la pili ni kinyume chake.

Kuna matumizi ya adabu ambayo kama mwanamke mgeni wa mji lazima uyajue. Fundi cherehani atakupima kifua, kiuno na nyonga, na katika daftari lake ataandika “kifua” kisha namba; hapo anataja mzunguko wa mwili, na neno hilo linamwepusha kutaja matiti mbele ya mteja. Watu wengi hulitumia vivyo hivyo kama tafsida. Tafsida hiyo ni ya heshima na sina ugomvi nayo, isipokuwa mahali pamoja: hospitali. Saratani ya matiti iitwe saratani ya matiti. Nimekwisha kuona maandishi ya kuelimisha jamii yanayoandika “saratani ya kifua” kwa kuona haya, na msomaji akaelewa saratani ya mapafu, ambayo ni ugonjwa mwingine, wenye dalili nyingine na vipimo vingine. Mwanamke akihisi uvimbe kwenye titi aseme titi; mhudumu wa afya haoni aibu, na muda unaopotea kwa kuzungukazunguka ni wa mgonjwa.

Buchani, kifua cha ng’ombe, mbuzi au kuku huitwa kidari. Siku hizi “kifua cha kuku” kinasikika katika maduka makubwa na haitakuwa ajabu kikishinda, lakini ukimwomba muuza nyama wa Tanga kidari atakuelewa bila kuuliza mara mbili.

Kitu kimoja ambacho kifua sicho ni sanduku. Nalitaja kwa sababu tafsiri za mashine zimeanza kutuletea “kifua cha hazina” na “kifua cha droo”, zikidhani kwamba kwa kuwa lugha nyingine inatumia neno moja kwa mwili na kwa kasha, basi nasi tufanye hivyo. Hazina inakaa kwenye kasha au sanduku, na nguo zinakaa kabatini. Vivyo hivyo, ukitaka kusema kwamba umeeleza lililokuwa likikukereketa, usiseme kwamba umeliondoa kifuani. Sema umetoa dukuduku. Kumwaga yaliyo kifuani kunasikika, lakini kwa mtu wa Tanga kunaelekea kwenye kufichua siri, si kupata nafuu.

Mwisho kuna jambo dogo la sarufi ambalo litakusaidia kusikia tofauti hizi hata msemaji asipozieleza. Neno likiwa kifuani, upatanisho wake hubadilika kulingana na mahali panapokusudiwa. Beji imebandikwa kifuani pake, kwa sababu ipo juu, mahali mahususi panapoonekana. Siri imo kifuani mwake, kwa sababu imeingia ndani. Na mtu anaweza kukimbilia kifuani kwake, kwa maana ya upande huo kwa jumla. Wasemaji wengi wa mjini hutumia kwake kwa yote, na wanaeleweka. Ila ukisikia mwa, jua kwamba msemaji anakiona kifua kama chumba chenye mlango.

Kuhusu usanifu, kwa hiyo, huna haja ya kuchagua upande. Ukiwa zahanati, taja dalili yenyewe, kikohozi, kubanwa, maumivu, badala ya kusema tu kwamba una kifua. Ukiwa nyumbani Masaka na ukataka kuwasimulia wazazi jinsi ulivyosifiwa, usiitafsiri sentensi ya mama mkwe ilivyo, kwa maana mama yako atapanda basi la kwanza kuja kukuuguza. Waambie kwamba amesema wewe ni mtunza siri. Na hapo Tanga, siku ukitaka kumrudishia mama mkwe sifa yake bila kuacha nafasi ya utata, Kiswahili kinakuruhusu kuongeza neno moja: “Mama, nawe una kifua cha siri.”